Mikoa Hupita, Mlima Hubaki: Gatete na Uongozi Wake

Askari anapojaza fomu yoyote nchini Burundi, iwe ya likizo, ya matibabu ya mtoto au ya malipo ya uzeeni, hukuta mistari ile ile imempangia njia ya kurudi kwao: mkoa, tarafa, zoni, mlima. Kitambulisho cha raia nacho humtaja mtu kwa mlima wake. Huo mstari wa mwisho ndio unaoonekana mdogo kuliko yote, na ndio mkubwa kuliko yote. Mtu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika akiulizwa na mwenziwe kambini, “Ndugu, kwenu ni wapi?”, hamjibu kwa jina la mkoa. Humjibu, “Mimi ni wa Gatete.”

Gatete ni jina la mlima, na limekuwa pia jina la zoni, katika tarafa ya Rumonge. Ni nchi ya michikichi, mihogo na migomba, karibu na maji ya Tanganyika, kusini mwa Bujumbura. Tumelichagua jina hili kwa sababu moja. Mzee aliyezaliwa Gatete mwaka 1950, asiyewahi kuhamisha hata kinu chake, amekuwa mtu wa Bururi kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 2015 akaambiwa yeye ni mtu wa mkoa mpya wa Rumonge. Na mwaka 2025, mikoa 18 ilipofanywa kuwa mitano, akawa mtu wa mkoa wa Burunga, ambao makao yake makuu yako Makamba. Mistari ya juu ya fomu imeandikwa na kufutwa. Mstari wa mlima haukufutwa.

Basi, ndugu msomaji, makala haya yanataka kueleza mlima ni nini katika uongozi wa Burundi, umetoka wapi, na kwa nini amani ya mwambao huu imetegemea zaidi uongozi ule mdogo kuliko ule mkubwa.

MWAMBAO KABLA YA MIPAKA

Nchi tambarare inayofuata ziwa huitwa Imbo. Zamani za ufalme, Imbo ilihesabiwa kuwa upande wa mbali wa nchi: joto jingi, homa nyingi, na mwendo wa siku kadhaa kutoka makazi ya Mwami yaliyokuwa milimani katikati ya nchi. Hata hivyo utaratibu wa utawala ulifika. Chini ya Mwami walikuwapo wana wa ukoo wa kifalme walioitwa Baganwa, waliopewa sehemu za nchi kuzitawala. Chini yao walikuwapo wasaidizi wao wadogo. Na juu ya kila mlima walikuwapo wazee ambao hawakuteuliwa na mkuu yeyote.

Wazee hao ni Bashingantahe. Jina lao linatokana na intahe, fimbo ya hukumu, na maana yake ni wale wanaoisimika fimbo hiyo. Mtu hakuwa Mushingantahe kwa kuzaliwa katika nyumba fulani wala kwa kupendwa na mkubwa. Majirani walimtazama kwa miaka mingi: anasema kweli? Anatunza siri? Anaweza kumhukumu ndugu yake sawasawa na mgeni? Akionekana anafaa, alitawazwa hadharani kwa sherehe, na pombe ikanywewa, ili kila aliyekunywa awe shahidi wa kiapo chake. Kazi yake ya kwanza ilikuwa mipaka ya mashamba, urithi, mahari na ugomvi wa majirani.

Wakati huo huo upande wa majini mambo mengine yalikuwa yakikua. Katika karne ya 19 mitumbwi na majahazi ya Ujiji yalipita mwambao huu yakitafuta pembe, watumwa, nafaka na mafuta ya mawese, na kuleta shanga, nguo na chumvi ya Uvinza. Burton na Speke walipita mwaka 1858 wakielekea Uvira. Livingstone na Stanley wakapita Novemba 1871, wakitaka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Pamoja na biashara hiyo lugha yetu ya Kiswahili ilishuka pwani ya ziwa ikakaa. Ndiyo sababu hata leo mjini Rumonge msikiti na soko husikika kwa Kiswahili, wakati shambani husikika Kirundi, na mtu mmoja huzitumia lugha zote mbili kabla ya adhuhuri.

Haikuwa biashara ya amani siku zote. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara mkubwa wa Ujiji, Muhammad bin Khalfan aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alijaribu kuingia Burundi kwa silaha, na majeshi ya Mwami Mwezi Gisabo yakamzuia. Rumonge ilipata pia sehemu katika historia ya dini. Mwaka 1879 mapadre wa shirika la White Fathers walijenga hapo misheni yao ya kwanza katika nchi ya Burundi. Haikudumu. Tarehe 4 Mei 1881 mapadre Deniaud na Augier, pamoja na msaidizi wao d’Hoop, waliuawa katika ugomvi na watu wa mahali pale, na misheni ikafungwa. Ilipita miaka 17 kabla ya wamisionari kupata makao ya kudumu nchini, huko Muyaga, mwaka 1898. Mgeni aliyetua mwambaoni bila kuelewana na wenye mlima hakukaa.

MLIMA WAGEUZWA OFISI

Wajerumani walimlazimisha Mwezi Gisabo kutia sahihi mapatano ya Kiganda mwaka 1903. Wabelgiji wakaichukua nchi mwaka 1916 katikati ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika miaka hiyo mwambao uliteswa na ugonjwa wa malale unaoenezwa na mbung’o. Madaktari wa Kijerumani waliweka vituo vya kuwachunguza watu na kuamuru vichaka vya kando ya maji vikatwe. Kwa watu wengi wa Imbo, hapo ndipo serikali ilipoonekana kwa macho kwa mara ya kwanza: mtu mwenye daftari, akihesabu vichwa.

Wabelgiji walitawala kwa kuwatumia watemi. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 waliunganisha utemi mdogo mdogo kuwa mkubwa zaidi, wakawafukuza watawala wasiowataka, na kuwapa waliobaki kazi mpya: kukusanya kodi ya kichwa, kutoa watu wa kuchimba barabara, kuhakikisha kila mwanamume amelima pamba au kahawa. Mtawala mdogo wa mlimani, ambaye zamani aliogopa maneno ya majirani zake, sasa aliogopa ofisi. Kiboko kikawa chombo cha kazi. Vijana wengi wa Burundi walikimbilia Tanganyika na Uganda kutafuta mshahara, na neno “Manamba”, lililotokana na vibarua wa mashamba ya mkonge, likaingia katika Kirundi likiwa jina la safari yenyewe.

Jambo hili lafaa litazamwe vizuri. Wakoloni hawakuwafuta Bashingantahe kwa amri. Waliwaacha, lakini wakawawekea juu yao mtu mwenye daftari. Tangu siku hiyo kila mlima umekuwa na uongozi wa aina mbili: ule unaotoka juu pamoja na karatasi, na ule unaotoka chini pamoja na kumbukumbu. Mlima hustawi pale aina hizo mbili zinaposikilizana.

Amri ya Desemba 1959 ndiyo iliyoondoa utemi mdogo na kuweka tarafa, ambayo kwa desturi ya ofisi huitwa komini, chini ya kiongozi na baraza. Uchaguzi wa kwanza wa tarafa ulifanyika mwaka 1960. Uhuru ukapatikana tarehe 1 Julai 1962, ufalme ukaondolewa mwaka 1966, na kwa muda mrefu baada ya hapo mkuu wa tarafa aliteuliwa kutoka juu. Mlima ulisubiri hadi mwaka 2005 ndipo wananchi wake wakawapigia kura viongozi wao wenyewe.

MWAKA 1972

Haiwezekani kuandika habari za Rumonge na kuuruka mwaka huu. Tarehe 29 Aprili 1972 waasi walishambulia Rumonge, Nyanza-Lac na sehemu nyingine za kusini, wakaua watu wengi, hasa Watutsi. Kisha yakafuata mauaji makubwa zaidi ya Wahutu nchini kote, yaliyofanywa na vyombo vya dola vya wakati ule na vijana wa chama, kwa miezi kadhaa. Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitangaza kwamba mauaji hayo ya Wahutu yalikuwa mauaji ya kimbari.

Watu wa mwambao walivuka. Wengine walikwenda kwa mitumbwi usiku, wengine kwa miguu hadi Kigoma. Serikali ya Tanzania iliwapa nchi ya kulima huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, nao wakafyeka misitu na kuanza upya. Watoto wao walisoma kwa Kiswahili. Huko ndiko wengi walikojifunza utaratibu wa nyumba kumi, ambao chama cha TANU kiliuanzisha katika miaka ya 1960: kila nyumba kumi na mjumbe wao, mgeni akifika ajulikane, ugomvi ukitokea usikilizwe kabla haujafika mbali.

Nyuma yao, mashamba hayakubaki wazi. Nchi ya Imbo ni nzuri, na watu wa milima ya juu walikuwa hawana ardhi ya kutosha. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la maendeleo la Rumonge lilieneza michikichi ya kisasa, na familia nyingi ziligawiwa viwanja na wakuu wa wakati huo. Familia hizo zilipewa karatasi au ruhusa ya mdomo, zikapanda, zikazika wazee wao, zikazaa. Sheria ya ardhi ya mwaka 1986 ikasema kwamba aliyekaa katika shamba miaka 30 bila kupingwa analipata, na aliyelipata kwa nia njema anaweza kulipata kwa miaka 15. Sasa mtu aliyekimbia mwaka 1972 angewezaje kupinga akiwa Mishamo? Sheria ilihesabu miaka, haikuhesabu sababu.

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliahidi kwamba kila mkimbizi atarudishiwa mali yake au atafidiwa. Tangu mwaka 2008 waliokimbia 1972 walianza kurudi kwa wingi. Zaidi ya watu 50,000 kutoka makazi yale ya Tanzania walirejea, na wengine zaidi ya 160,000 walichagua kubaki na kupewa uraia wa Tanzania. Waliorejea walishuka Rumonge na Nyanza-Lac wakiwa na maturubai, majembe, na majina ya milima waliyofundishwa na wazazi wao.

MASHAHIDI WAWILI WA KWELI

Tuchukue mfano, ili jambo hili lisibaki katika maneno ya jumla. Mzee anarudi Gatete mwaka 2008 pamoja na mkewe na watoto saba. Anafika katika shamba alilolima baba yake na kumkuta mama mmoja mjane akivuna machikichi. Mjane huyo hakumfukuza mtu. Yeye na marehemu mumewe walipewa mahali hapo mwaka 1976, na karatasi ya tarafa anayo. Mzee hana karatasi. Analo jiwe alilozikwa babu yake. Nani mwongo hapo? Hakuna. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana shauri hili ni gumu kuliko shauri la mwizi.

Serikali iliunda mwaka 2006 Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine ili kuyashughulikia mashauri ya namna hiyo. Katika miaka yake ya mwanzo tume ilipendelea kugawana: nusu huku, nusu kule, watu wakae pamoja. Tangu mwaka 2011 ikaelekea zaidi kumrudishia mwenye asili shamba lake lote. Wako walioshangilia na wako waliolia. Mwaka 2014 ikaundwa mahakama maalumu ya kusikiliza rufani, na mwaka 2015, baada ya fujo huko Makamba, kazi ya tume katika mkoa huo ilisimamishwa kwa muda. Muda wa tume yenyewe uliisha mwaka 2022.

Tume ilikuja ikaondoka. Wale majirani wawili hawakuondoka. Jioni ya hukumu, mzee na mjane walirudi kuteka maji katika kijito kimoja. Kwa hiyo swali kubwa halikuwa tu nani apewe shamba. Swali lilikuwa: baada ya hukumu, watasalimiana?

Hapo ndipo mlima unapofanya kazi ambayo tume haiwezi. Mzee wa mlima hakuanza kwa kuuliza karatasi. Katika mfano wetu aliwakalisha wote wawili chini ya mwembe akamwuliza aliyerudi, “Mzee mwenzangu, jirani yako wa upande wa kuchomoza jua alikuwa nani?” Akajibu. “Na mti wa mpaka ulikuwa gani?” Akajibu. Kisha akamgeukia yule mama, kwa sauti ile ile: “Nawe mama, mlipofika hapa mlikuta nini kimesimama?” Akasema walikuta miembe miwili na shimo la nyumba iliyoungua. Watu wote walikaa kimya. Kwa jibu lile mama alikuwa ameukubali ukweli wa mzee, na mzee, kwa kumsikiliza hadi mwisho, alikuwa ameukubali ukweli wa mama. Baada ya hapo kugawana michikichi kulikuwa kazi ya kamba na vigingi tu.

Si kila shauri liliisha hivyo. Yako yaliyoisha kwa moto na kwa panga, na yako ambayo hayajaisha. Lakini mapatano mengi yaliyodumu yalipita njia hii ya kuulizana kwa heshima mbele ya watu wanaojua.

MLIMA UNAVYOONGOZWA

Sheria ya tarafa ya Aprili 2005 iliweka mambo wazi. Tarafa inayo baraza lake lililochaguliwa. Mlima nao unalo baraza la watu watano wanaochaguliwa na wananchi. Wagombea wa mlimani hawasimami kwa tiketi ya chama. Kila mmoja husimama kwa jina lake. Aliyepata kura nyingi kuliko wote ndiye mkuu wa mlima. Uchaguzi huo ulifanyika tena mwaka 2010, 2015, 2020 na 2025.

Mkuu wa mlima hana kiti cha ngozi, wala hana mshahara wa kujivunia. Kazi zake hata hivyo ni nyingi. Huwaita watu kwenye kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi: kusafisha mifereji, kujenga darasa, kuziba barabara iliyokatwa na mvua. Hutoa ushuhuda kwamba mtu fulani ni mkazi wa hapo. Hupokea habari za mgeni, za mgonjwa, za mtoto asiyekwenda shule. Chini yake wako wakuu wa nyumbakumi. Neno hilo Warundi wameliazima kutoka Kiswahili bila kulibadili, nao hulitamka kwa neno moja kana kwamba lilizaliwa mlimani.

Bashingantahe je? Sheria ya 2005 iliwataja kuwa wasaidizi wa baraza la mlima katika kupatanisha. Baadaye nafasi yao katika sheria ilipungua. Kisha sheria ya Januari 2021 ikarudisha upatanishi mlimani kwa sura nyingine: baraza la watu mashuhuri wa mlima, waliochaguliwa na wananchi, ambalo mashauri madogo ya madai hupitia kabla ya kufika mahakamani. Jina lake la Kirundi limeihifadhi ile fimbo: Intahe yo ku mugina. Wako wazee wanaosema kwamba Mushingantahe wa kweli hachaguliwi kwa kura za siku moja, hutazamwa kwa miaka. Wako vijana wanaojibu kwamba kura huwapa nafasi wanawake na wale ambao zamani wasingetazamwa kamwe. Pande zote mbili zina hoja, na mlima wenye busara huwachagua wale ambao ungewatawaza hata bila kura.

Mwaka 2025 mabadiliko makubwa yalifika: mikoa mitano badala ya 18, na tarafa 42 badala ya 119. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba ofisi ya tarafa inaweza kuwa mbali zaidi kuliko zamani, na eneo lake kubwa zaidi. Tarafa ikipanuka, mkuu wa tarafa hawezi kuwajua watu wote kwa sura. Hivyo uzito unashuka chini, unamwangukia mkuu wa mlima na wazee wake.

MAMBO YA KUANGALIWA NA FAMILIA ZA ASKARI

Familia ya askari au polisi ina hatari yake ya pekee katika mambo ya mlima: mwenye nyumba yuko mbali. Tunaona vema kutaja mambo machache.

La kwanza ni shamba linalonunuliwa kwa mshahara. Askari aliye kambini hutuma fedha kwa ndugu yake anunue kiwanja cha michikichi. Ndugu hununua, na majirani humwona yeye. Miaka 20 baadaye watoto wa ndugu huamini kwa moyo safi kwamba shamba ni la baba yao. Dawa yake ni nyepesi: siku ya kununua, mwenyewe aombe ruhusa aje, ama mkewe awepo, wauzaji, majirani wa pande zote nne na mkuu wa mlima washuhudie, karatasi iandikwe kwa jina la mnunuzi mwenyewe na la mkewe, kisha ipelekwe katika ofisi ya ardhi ya tarafa, ambayo sheria ya ardhi ya mwaka 2011 imeipa nguvu ya kutoa cheti.

La pili ni haki ya mama na ya binti. Burundi haijapata sheria ya urithi ya kuandikwa inayomlinda binti katika ardhi ya ukoo. Desturi ndiyo inayotawala, nayo humpa binti kipande kidogo kiitwacho igiseke, cha kula matunda yake, si cha kuuza. Basi mume asingoje kufa. Ndoa iandikishwe serikalini, watoto waandikishwe mapema, na nia ya baba isemwe mbele ya wazee angali hai. Mjane wa askari mwenye cheti cha ndoa na mashahidi wa mlima hasumbuliwi kirahisi.

La tatu linawahusu askari na polisi wenyewe wanapopangiwa kazi katika mlima usio wao. Ziko kamati za pamoja za usalama ambamo uongozi, polisi na wananchi huketi pamoja. Ndugu, usiingie mlimani kama yule mtu mwenye daftari wa zamani. Fika kwa mkuu wa mlima, jitambulishe, mwulize habari za mipaka yenye ugomvi, na usikubali kuitwa na upande mmoja usiku. Polisi hulinda watu wanaogombana. Hahukumu nani mwenye mchikichi. Akihukumu kwa bunduki, ataondoka kwa uhamisho na ataacha nyuma deni litakalolipwa na watoto.

La nne ni ziwa. Tangu mwaka 2018 maji ya Tanganyika yalipanda mwaka hadi mwaka, na kufikia 2024 yalikuwa yameingia katika nyumba, barabara na bandari za mwambao, Rumonge ikiwamo. Watu waliokaa ufukoni wamelazimika kutafuta mahali juu zaidi, yaani katika nchi ile ile ambayo tayari ina madai mawili. Familia inayotaka kuhama isijenge kwanza na kuuliza baadaye.

FIMBO NA KARATASI

Yako mengi ya kusifu Gatete na jirani zake. Asubuhi utawakuta akina mama wakipakia ndagala na mukeke kuelekea barabara kuu ya Bujumbura. Adhuhuri moshi wa mitambo midogo ya mawese unapanda kati ya michikichi. Jioni mkimbizi aliyerudi na mwenyeji aliyebaki wanapimiana mafuta kwa debe moja. Ukimsikia mmoja akisema “shikamoo” na mwingine akijibu kwa Kirundi, utajua nani alikulia Tanzania. Biashara imewafundisha kuvumiliana kwa haraka kuliko hotuba.

Lakini debe la mafuta halitoshi. Kumbukumbu za mlima huu ziko katika vichwa vya wazee, na wazee wanaondoka. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1972 amevuka sasa miaka 70. Kila anapozikwa mmoja bila kuulizwa, mpaka mmoja unabaki bila shahidi, na shauri moja linapata nguvu ya kuzaliwa upya katika kizazi ambacho hakikuona kitu. Karatasi peke yake ilishindwa, kwa kuwa iliandikwa na aliyekuwapo wakati mwenziwe hayupo. Kumbukumbu peke yake nayo itashindwa, kwa kuwa hufa. Mlima unahitaji vyote viwili, fimbo na karatasi.

Wahenga wamesema: palipo na wazee hapaharibiki neno. Basi, ndugu askari, likizo ijayo ukifika kwenu, kabla hujaulizia bei ya mawese mjini, mchukue mwanao mkubwa na daftari moja. Mwendeeni mzee wa mlima mkiwa na salamu na kitu kidogo mkononi. Zungukeni naye shamba, mpaka kwa mpaka, na jirani akiwepo. Andikeni jina la kila mti na la kila jirani, na jirani naye atie sahihi. Itakuwa kazi ya asubuhi moja. Jina la mkoa katika fomu yako laweza kubadilika tena; lile daftari ndilo litakaloonyesha wajukuu wako na wajukuu wa jirani yako mahali pa kupanda bila kugombana.